Dereva wa Udongo

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe. Shule niliiacha darasa la sita, na kilichobaki nilikipata boharini, katika kituo cha reli cha Kasese, ambako nilikuwa karani. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: neno sikulihesabu kuwa langu mpaka nimelifanyia kazi kwa mikono. Neno la bawaba nililipata siku niliyotengeneza mlango wa stoo. Neno la kuvuja nililipata chini ya bati bovu, nikiwa na ndoo mkononi. Maneno niliyoyapata namna hiyo hayajanitoka mpaka leo, na yale niliyoyakariri yamekwisha kwenda zake.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipoombwa kuwafundisha wake wa askari Kiingereza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sikuwapa kitabu. Niliwapa udongo.

Tulipewa stoo tupu karibu na lango la kambi. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake wa kambini, kila mmoja ametoka upande wake wa Uganda, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza kama changu cha wakati ule. Pamoja nao walikuwapo Wakongomani wachache, Wakatoliki wa Beni na Butembo, waliouza maharage na vitenge nje ya lango na walitaka Kiingereza cha kuongea na maofisa. Mkubwa wao kwa umri alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye pia alinunua samaki ziwani na kuwakausha. Wote walimwita papa, kama Wakongomani wanavyomwita baba.

Sakafuni tulijenga barabara yote ya kutoka Kasese hadi Bwera. Milima ilikuwa mawe makubwa upande mmoja. Mto Nyamwamba tuliuchimba kwa kijiko. Muhokya ilikuwa vipande vya matofali, na Kahendero, kijiji cha wavuvi, ilikuwa vibanda vya mabua kando ya karai la maji tulilolizika mpaka ukingoni liwe ziwa. Kisha kila mwanafunzi akafinyanga mtu wake: muuza chumvi, mkunga, fundi wa baiskeli. Sheria zilikuwa chache. Mtu wako unamsogeza wewe peke yako. Ukimsogeza, unatuambia kwa Kiingereza anakwenda wapi, anakutana na nani, na kwa sababu gani. Ndani ya mji wa udongo lugha nyingine haikuruhusiwa. Na kwa kuwa udongo mkavu hupasuka, kila wiki mmoja wao, kwa zamu, aliomba ufunguo kwa koplo wa lango na kuingia kuunyunyizia maji.

Utaratibu ule ulifanya kazi kuliko nilivyotazamia. Mwanamke aliyeona aibu kusema habari za asubuhi alikuwa sasa anagombana kwa Kiingereza juu ya bei ya mbuzi wa udongo, na wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu. Koplo alikuja kukaa mlangoni na bunduki yake magotini, kwa sababu mkusanyiko wowote wakati ule ulitakiwa uwe na wa kuutazama. Kiingereza chake, kwa tulivyojua, kilikuwa cha gwaride tu.

Mwanamke ninayetaka kumweleza alitoka mashariki, mbali sana na sisi, na mume wake alikuwa dereva wa lori. Siku moja alitumwa Bwera. Lori lilirudi jioni likiendeshwa na mtu mwingine. Mke alipouliza aliambiwa subiri. Alipouliza tena aliambiwa mume wake ametoroka, na mke wa mtoro hakai kambini. Lakini hawakumtoa mara moja. Alibaki katika chumba chake na watoto wawili, akisubiri aambiwe ama mume yu hai ama amekufa, kwa maana bila jibu moja kati ya hayo hakuwa na mahali pa kwenda. Kwao, alinieleza, mtu asiporudi na mwili usipoonekana, ukoo huzika tunda refu la mwegea mahali pake, na mjane anaruhusiwa kulia. Akienda bila habari, wakwe wangemuuliza: tuzike tunda au tusizike? Asingeweza kuwajibu.

Yeye hakufinyanga mwanamke. Alifinyanga dereva, na lori akalitengeneza kwa kiberiti na vifuniko vya soda. Kila Jumamosi alimpeleka Bwera na kumrudisha, akituambia kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha wote: anapakia chumvi, anapumzika, anawanunulia watoto ndizi.

Mke wa polisi mmoja, mwanamke wa kaskazini, mrefu, mwenye ulimi, hakuupenda mchezo huo.

"Mama, wewe nafanya nini?" alimwambia siku moja tukiwa tunanawa mikono nje. "Mutu hatujui iko wapi, wewe natengeneza yeye ya udongo. Hiyo ni kuzika."

"Namfundisha njia ya kurudi."

"Udongo haiwezi kurudi, dada yangu."

"Basi niache na udongo wangu. Mtu wako amekaa sokoni toka mwezi jana, hata kununua nyanya hajui."

Wengine walicheka. Mke wa polisi hakucheka. Alifuta mikono kwenye gauni na kuondoka bila kuaga, na nikadhani amekasirishwa na lile neno la nyanya.

Jumamosi iliyofuata tulifungua mlango tukamkuta dereva yuko Muhokya. Wiki iliyopita muda ulikwisha kabla hajarudi, tukamwacha Bwera. Alisimama kando ya barabara, kati ya vipande vya matofali, mgongo wake ukiuelekea mji. Lori halikuwa naye. Lilikuwa Kasese, mbele ya lango la kambi letu la udongo, limeegeshwa vizuri, pua ndani.

Niliuliza ni nani. Nilitazama sakafu, maana hivyo ndivyo nilivyozoea kufanya boharini kitu kikihama. Mchanga wa barabara ulikuwa laini, umenyunyiziwa maji, na haukuwa na alama ya panya wala ya kidole. Dirisha lilikuwa na nondo. Mke wa dereva aliinama akamtazama mtu wake kwa muda mrefu, kisha akafanya jambo lililonisumbua: hakumrudisha Bwera. Alimwacha pale.

"Sikumsogeza mimi," alisema. "Siwezi kueleza anafanya nini hapo."

Siku ile hatukujifunza chochote. Watu walisogeza watu wao haraka, karibu karibu, kama wanaoingia nyumbani kabla ya mvua.

Jumamosi ya pili dereva alikuwa Kahendero, ndani ya karai. Alikuwa amewekwa wima kwenye maji, na maji yalikuwa yamemla mpaka kiunoni. Kilichobaki kilisimama juu ya kilima kidogo cha tope, kimeinama, mikono ikiwa bado imekunjwa kama ya mtu aliyeshika usukani. Ziwa lote lilikuwa jekundu. Stoo ilikuwa na joto la kawaida la mchana, lakini naikumbuka kama mahali pa baridi. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga ndani.

Mke wa dereva aliingia. Alikaa chini kando ya karai, akakunja miguu, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida ya darasani:

"Sheria ni kwamba anayesogeza anaeleza. Namsubiri aeleze."

Koplo alikuwa mlangoni. Nilisikia mkanda wa bunduki yake ukigusa ukuta. Nilianza kufikiria namna ya kufunga darasa, na ndipo papa alipovua kofia yake ya sufu na kupiga magoti upande wa pili wa karai. Kwa Kiswahili chake angesema beko na bantu na mayi, yaani wako na watu na maji, na angekuwa ametoa habari ambayo watu walipotea kwa kuitoa. Kwa Kiingereza alikuwa mwanafunzi anayefanya zoezi. Alikwenda polepole, neno moja moja, kama nilivyomfundisha.

"Dereva yuko ziwani. Wavuvi wanatupa nyavu asubuhi. Wanamwona. Wanamtoa majini. Ana shati la kazi, na mkono wake wa kushoto una kidole kifupi."

Mke wa dereva aligusa kidole chake mwenyewe cha kushoto, kile cha mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Wanafanya nini?" aliuliza.

"Wanaogopa. Hawaendi polisi. Wanamzika vizuri, juu, mbali na maji. Wanasali. Mimi nanunua samaki siku hiyo, nasali pamoja nao."

"Kwa nini huniambii?"

Papa alitafuta neno, hakulipata, akaonyesha mdomo wake na kisha mlango.

Koplo alikohoa. "Mwalimu! Banasema nini?"

"Zoezi, afande," nilimjibu. "Wananunua samaki Kahendero."

"Samaki tu, namna hii yote?"

"Bei imepanda, afande."

Hakuna aliyecheka. Papa alikuwa bado amepiga magoti. "Hapa kwa maji nilimweka mimi," alisema, bado kwa Kiingereza. "Wiki hii ilikuwa zamu yangu ya kunyunyizia. Lakini Muhokya hakuwekwa na mimi. Nilipomwona Muhokya nilijua kuna mwingine anayejua, ndipo nikapata nguvu."

Zamu ya wiki iliyotangulia nilikuwa naikumbuka, na nadhani wote waliikumbuka, kwa sababu macho yote yalikwenda upande mmoja. Mke wa polisi, yule mwenye ulimi, alikuwa amejishika ukuta. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko cha wote. Alikitoa hivyo hivyo.

"Mimi naweka Muhokya," alisema. "Mume wangu anaona lori linasimama Muhokya. Anaona dereva anashuka na watu. Lori linaondoka bila yeye. Mume wangu hali chakula siku mbili." Kisha akamgeukia mke wa dereva, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, nilikuambia udongo haiwezi kurudi."

"Uliniambia."

"Na lori?" niliuliza. Sikuweza kujizuia, kwa sababu nilitaka hesabu ikae sawa. "Nani alilirudisha lori langoni?"

Mke wa polisi alisema hakuligusa. Alipoingia na ndoo yake alilikuta limekwisha geuzwa na kuegeshwa, na ndilo lililomtia hofu na kumpa wazo. Papa alisema vilevile. Niliwatazama mmoja mmoja na nikaamini kwamba hawakudanganya. Jambo lile lilinitisha kuliko mtu aliyeyeyuka kwenye karai.

Niliwaruhusu waende mmoja mmoja, wakiwa na mazungumzo ya kawaida mdomoni. Mke wa dereva alitoka wa mwisho na hakulia, kwa sababu uwanja wote wa kambi ulikuwa mbele yake. Nilifunga mlango nikampa koplo ufunguo. Aliuchukua, akautundika kwenye msumari wake, akaanza kuzungushia bunduki kitambaa cha mafuta. Sikuwa nimekwenda hata hatua chache aliponiita.

"Mwalimu."

"Naam, afande."

"Samaki ya Kahendero ni ya asubuhi. Waende Jumatatu, mapema. Hiyo siku doria inaenda upande ya Bwera." Hakuinua macho. "Na yule mama asiseme anatafuta kaburi. Aseme anatafuta samaki."

Nilitazama ufunguo pale kwenye msumari wake, na hesabu ya lori ikakaa sawa. Nilikwenda moja kwa moja kumpelekea mama yule maneno hayo, nikamkuta anaanika nguo za watoto.

Jumatatu tulipanda gari la papa la kubeba samaki, papa, mke wa dereva, mimi, na mke wa polisi, ambaye aliacha ndoo zake bombani na kutufuata bila kualikwa. Kahendero wavuvi walikuwa wakitandaza nyavu. Mmoja wao, mtu mfupi asiyependa kutazamana na mtu, alitutangulia juu ya kilima kidogo na kutuonyesha mawe yaliyopangwa kwa uangalifu, nyasi zikiwa zimeanza kuota katikati.

Mke wa dereva aliyatazama mawe. Aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili.

"Mlimfunika na nini?"

"Na shuka yangu," mvuvi alisema. "Ilikuwa mupya."

Mama alikaa chini. Mke wa polisi akakaa nyuma yake, akamshika mabega kwa mikono yake mirefu. Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa lugha ya kwao ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na sisi tukasimama kando tukangoja amalize. Jua lilikuwa limekwisha panda alipoinuka, akapangusa magoti, akamuuliza papa gari la kwenda mashariki linaondoka Kasese saa ngapi.