Kimo cha Gari la Arvella Stokke

Arvella Stokke aliendesha basi la shule kwao Minnesota miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo aligonga kitu kimoja tu, kulungu, na mwenye makosa alikuwa kulungu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani shida iliyompata ilikuwa ya usukani. Usukani aliuweza. Asichokijua ni njia.

Hakuzijua njia kwa sababu mumewe, Norvald, alizijua kwa niaba yake. Norvald jicho lake moja halikuona vizuri, naye hakupenda kuendesha. Basi walipostaafu wakanunua nyumba ya magurudumu, ile unayoendesha na kulala humohumo, wakagawana kazi: mke usukani, mume ramani. Kila majira ya baridi waliteremka hadi huku kwetu jangwani Arizona, kambi ya Visima Vitatu, ya wenye magari kama hayo, nafasi ya kumi na nne, mkono wa kushoto wa gari langu. Walikuja majira kumi na tisa, nami nayakumbuka yote, hata ule mwaka waliofika na jiko bovu wakala kwangu wiki tatu. Siku moja walinipa lifti kwenda Yuma, nikaona jinsi wanavyosafiri. Norvald anasema, "Kushoto, mama. Bado. Haya." Arvella anakata kona. Haulizi ni wapi.

Januari Norvald akafariki, mchana kweupe, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Mwana wao wa pekee, Craig, akaja kutoka Duluth, akamaliza shughuli za msiba vizuri tu, kisha akatoa neno alilokuja nalo.

"Mama, gari hili tuliuze. Kuna nyumba ya wazee mtaa wa pili kutoka kwangu. Nimeshaandikisha jina lako, chumba kipo."

"Jina langu lina kazi nyingine."

"Mama, wewe hata Phoenix hujui inafikiwaje."

"Nilibeba watoto hamsini juu ya barafu."

"Njia ileile kila siku, mama."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wakabishana hadi chai ikapoa, mwisho wakaafikiana hivi: katikati ya Aprili Arvella ataliendesha gari peke yake kutoka kambini hadi mlangoni kwa Craig, maili elfu moja na mia tisa. Asimpigie simu kumwuliza njia. Gari lifike bila mkwaruzo. Akishindwa moja kati ya hayo, funguo anazitoa na chumba anakichukua. Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Ikambidi sasa achague cha kumwongoza. Kambini kwetu ushauri wa namna hiyo hautafutwi. Unatoka nje umeshika simu na kuitazama vibaya, unaletewa. Wa kwanza alikuwa Duane Huckaby, fundi lifti mstaafu, mtu wa Texas, anayeegesha mkabala nasi.

"Dada Arvella, simu itakuua hiyo. Inadhani unaendesha kijigari cha kwenda sokoni." Akaweka mezani kifaa kama kitabu cha sala, chenye kioo. "Hiki ni cha magari makubwa. Unakiambia kimo, urefu, uzito, na kama umebeba gesi ya kupikia. Kinakupitisha pale unapoenea tu."

"Uzito?"

"Lazima."

"Nimeongozwa na Norvald miaka kumi na tisa, hajaniuliza uzito."

"Wa gari, dada."

"Aa. Endelea."

Mimi nilimletea kitabu changu cha ramani, kile wanachotumia madereva wa malori, ambacho kurasa za mwanzo zina orodha ya madaraja mafupi kwa kimo, jimbo kwa jimbo. Nikamwambia hiki hakizimiki, hakiishiwi chaji.

"Ni kizuri, shoga," akasema. "Nitakapokisoma, nani ataendesha?"

Norvald ndiye aliyekuwa jibu.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike habari zake. Alisema dereva mpya hapimwi kwa swali usilolijua jibu lake. Kuna daraja la reli kwenye Barabara ya Kinu, kusini mwa mji wetu. Unapita chini yake, nalo lina futi kumi na moja na inchi nane. Hakuna mkaaji wa kambi asiyelijua. Gari kubwa huzunguka kwa upande wa makaburini, maili sita. Arvella akakaa mezani na kuwauliza waongozaji wake, mmoja mmoja, njia ya kwenda kwa muuza gesi, ng'ambo ya daraja.

Simu ikamwambia apite chini ya daraja, dakika nne. Akaigeuza kifudifudi.

Kwenye kifaa cha Duane akaingiza namba ambayo Norvald aliandika kwa wino kwenye kibao cha kuzuia jua juu ya usukani: kimo, futi kumi na moja na inchi sita. Kifaa kikafikiri, kikasema kwa sauti ya kike yenye malezi mema apite chini ya daraja, dakika nne.

"Haiwezekani!" Duane akainuka. "Kinajua hicho!"

"Kinajua daraja," nikasema mimi. "Gari kimeambiwa na Norvald."

Arvella akanitazama. Marehemu alikuwa hajamaliza miezi miwili. Lakini nilishasema, na neno likitoka halirudi. Akasema, "Leteni ngazi."

Duane akapanda, akalaza ubao juu ya kiyoyozi cha paani, maana hapo ndipo juu kabisa, akauweka sawa kwa pimamaji, ncha ikitokeza ubavuni. Mimi nikashika mwisho wa tepu chini. Futi kumi na mbili na inchi mbili. Arvella akataka tupime tena. Tukapima. Gari halikupungua.

Mimi nikakumbuka mara moja. Kiyoyozi kile waliweka majira yao ya tatu, ngazi niliwashikia mwenyewe. Norvald namba yake aliinakili kutoka kwenye karatasi ya muuzaji siku waliyonunua gari, paa likiwa tupu.

"Miaka kumi na sita," akasema Arvella, "nazunguka na kimo cha uongo."

"Na hamkugonga popote," akasema Duane.

"Hatukugonga. Kila daraja Norvald alikuwa anasema zunguka. Mimi nilidhani anapenda mandhari."

Akaingia ndani, akatoka na wino, akafuta namba ya mumewe, akaandika yake. Hakulia. Alipokiambia kifaa kimo cha kweli, kikampeleka makaburini, maili sita, bila kinyongo.

Duane akaondoka na ngazi yake akisema anakwenda kusafisha paa. Alikuwa ameshika tepu. Hadi Alhamisi ngazi saba zilikuwa zimesimama kambini, na hakuna mwanamume aliyeulizwa anapima nini akakubali kwamba anapima.

Arvella akachagua kifaa, lakini kimo alikiongezea inchi tatu, maana kitu kinachoamini kila unachokiambia, alisema, ukiambie kwa tahadhari. Kitabu changu akakichukua pia: kila asubuhi kabla ya kuwasha gari anasoma orodha ya jimbo la siku hiyo, ananakili madaraja yake kwenye karatasi, anaibandika mbele yake. Simu akaiacha iwe simu.

Alitoka tarehe kumi na nne Aprili. Alinipigia kila alipoegesha. Nebraska upepo ulimweka siku mbili. Iowa barabara ilifungwa, akazunguka nusu siku. Siku ya tisa, akiwa kituo cha mafuta nje ya Duluth, Craig mwenyewe akampigia kuuliza yuko wapi na kifaa kinampitisha wapi. Huko si kuvunja masharti. Aliyepiga ni yeye.

"Mama, kifaa kinakuzungusha bure. Kata kushoto, pita chini ya reli, robo saa uko kwangu. Mimi napita hapo kila siku."

"Daraja lina futi ngapi?"

"Daraja ni daraja, mama. Kata kushoto."

Sauti ya Craig kwenye simu ni ya baba yake, hata mimi hunishtua. Arvella alinieleza kwamba mkono ulishawasha indiketa kabla hajafikiri lolote. Daraja hilo kwenye orodha ya kitabu halikuwamo. Kifaa kilikuwa kinasema nenda mbele, dakika arobaini na tano.

Akazima indiketa. Akamwambia mwanawe aweke chai motoni, lakini asiharakishe.

Craig alimkuta mlangoni gari limezimwa. Akalizunguka mara mbili, akaomba ngazi kwa jirani, akakagua paa. Hakuna mkwaruzo. Kesho yake alfajiri akatoka kimya kimya akaenda darajani kusoma kibao: futi kumi na mbili kamili. Aliporudi alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Kile chumba, mama, nimekiahirisha."

Arvella akanipigia kunisimulia. Nikamwuliza, amekiahirisha au amekifuta?

"Amekiahirisha," akasema. "Na funguo nimelala nazo chini ya mto."