Igalula, Itigi, Urambo

Katika mpira wa wavu kuna mpira wa kawaida na mpira wa haraka. Wa kawaida huinuliwa juu sana. Mpigaji anautazama, anakimbia, anaruka, anapiga, na wapinzani wanapata nafasi ya kusogea na kuweka ukuta wa mikono juu ya wavu. Wa haraka hauna nafasi hiyo. Mpigaji huruka mpira ukiwa bado haujamfikia yule anayeuinua, ambaye sisi tulimwita seta, na seta anaupeleka mahali mkono wa mpigaji utakapopita. Mmoja akikosea, mpira unaanguka peke yake na watu wanacheka. Kwa hiyo kila mpira wa haraka lazima uwe na jina, na jina liitwe kabla.

Mimi nilikuwa seta wa timu yetu ya Chemchem, mjini Tabora. Majina niliyatunga pamoja na mpigaji wetu wa kati, rafiki yangu tangu ujana. Upande wa uwanja tuliozoea kufanyia mazoezi, nilikuwa nasimama nimeelekea mashariki. Mpira mfupi wa mbele yangu tukauita Igalula, kwa sababu ukitoka Tabora kwa treni Igalula si mbali. Ule wa chini, unaokwenda kasi mpaka mwisho wa wavu, tukauita Itigi, kwa kuwa Itigi iko mbali zaidi kwenye reli ileile. Wa nyuma ya kichwa changu ulikuwa Urambo, magharibi, upande ambao zamani misafara ilielekea Ujiji. Hakuna kocha aliyetufundisha. Tulikosea jioni nyingi baada ya kazi, yeye akiruka, mimi nikiinua, mpaka nikawa sihitaji kumtazama.

Kisha akahamia Nzega kuuza vipuri vya mashine za wachimbaji. Sikumlaumu, mtu hufuata riziki. Nilimlaumu aliporudi na timu ya huko kucheza kwetu.

Timu yake mpya ilikuwa inaita Igalula, Itigi, Urambo. Walikuwa wanayaita kwenye uwanja wetu, mbele ya wake zetu na watoto wetu. Na kila nilipoita mimi, ukuta wao ulikuwa umekwisha kuruka. Mpira ukigonga mikono yao na kuturudia miguuni, yeye alipaza sauti kama kondakta, "Kituo kinachofuata!" na wenzake wakacheka.

Walitufunga seti zote. Tuliposhikana mikono chini ya wavu aliniambia, "Fundi, usinune bwana. Majina ya vituo ni mali ya serikali."

"Umewafundisha lini hawa?" nikamuuliza.

"Kazi ndogo. Nimewaambia wasihangaike kutazama mpira. Wasikilize. Ukisikia jina, ruka."

Alisema hivyo kwa kujisifu, na mimi nikalibeba neno hilo mpaka nyumbani. Mke wangu alinipa maji ya kuoga akasema, "Baba, si mpira tu huo?" Nilimwambia ndiyo, ni mpira tu. Sikuwa nimemwambia kweli. Nilitaka kumwona mtu yule akishindwa kwenye uwanja wake, mbele ya watu wake, na nilitaka ajue ni mimi.

Wenzangu walishauri tubadili majina. Nilikataa. Mwizi hawezi kunifanya nimbadilishie mtoto wangu jina. Badala yake tukaanza kucheza kimya. Nilionyesha kwa vidole mgongoni kabla mpira haujaanzishwa, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kutoa sauti. Aliyesema neno alikwenda kuchota ndoo ya maji ya kunawa timu nzima.

"Tunacheza kama tuko msibani," mmoja alilalamika akiwa ameshika ndoo.

"Msibani watu wanaongea," mwenzake akamjibu, naye akaenda kuchota.

Tulipokwenda Nzega kwa mechi ya marudiano, kimya chetu kiliwafanya wale walinzi wa wavu wasimame kama abiria ambao basi lao halijatangazwa. Igalula ikapita. Urambo ikapita. Walikuwa wanatazamana. Seti mbili tukachukua, na watu wao pembeni wakaanza kuwazomea.

Ndipo yeye akaamka. Alisimama katikati ya wavu, akaacha kutazama wapigaji wetu, akanitazama mimi. Vidole vyangu hakuviona, lakini mabega yangu aliyajua, na magoti, na jinsi ninavyovuta pumzi. Akaanza kuwaitia wenzake. "Urambo!" Ilikuwa Urambo. "Itigi!" Ilikuwa Itigi. Wakaruka kwa sauti yake, wakatuzuia, na seti zikawa mbili kwa mbili. Alikuwa anatabasamu.

Mimi nilikuwa nahesabu jambo moja tu: wale hawaangalii mpira. Wanamsikiliza.

Sikumvuruga mapema. Seti ya tano niliacha aendelee kuwa sahihi, pointi zetu tukizipata kwa mipira ya kawaida, mpaka tulipobakiza moja tushinde. Kwa vidole nikaomba Itigi. Mpira ulipokuja nilikunja magoti na kukaza mabega vilevile nilivyokuwa nafanya kwa ajili yake, zile jioni za Chemchem. Akapiga kelele kwa nguvu zote, "Igalula!" Wote watatu wakaruka mbele yangu, yeye katikati. Nikausukuma mpira mpaka mwisho wa wavu. Kijana wetu alikuwa hewani tayari, na mbele yake hapakuwa na mkono wa mtu yeyote.

Chini ya wavu alinipa mkono. "Ile ilikuwa Igalula, fundi. Nimeiona."

"Umewafundisha vizuri," nikamwambia. "Wanasikiliza."

Wenzake walikuwa karibu, wamesikia, na mmoja alimwangalia kwa jicho baya. Nililiona jicho hilo na likanipendeza.

"Njooni nyumbani mle chakula basi," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Shemeji yako amepika wali na kuku. Alijua mtakuja."

"Mshukuru. Tuna safari."

"Fundi. Hata wewe peke yako?"

Nikamwambia tuna safari. Garini vijana waliomba ruhusa ya kusema, nikawapa, na kabla hatujatoka mjini walikuwa wakiita Igalula, Itigi, Urambo kwa sauti, madirisha yakiwa wazi. Tulipita jirani na nyumba yake. Dereva alipunguza mwendo akanitazama kwenye kioo. Nilimwambia aende.