Kalamu ya Marehemu

Wakili wangu ndiye aliyewarudishia mayatima karakana ya baba yao. Kabla ya swali zito hufunga kifungo cha koti taratibu, na sauti hushuka kama anaomba maji ya kunywa. Shemeji alipoleta mahakamani wosia wa kuninyang'anya nyumba, na shahidi juu, nilikitazama kifungo kile tu. Kikafungwa!

"Kaka," akamuuliza shahidi, "marehemu alitia sahihi kwa kalamu gani?"

"Yake. Aliitoa mfukoni mwa shati, nilimwona kwa macho yangu."

Nusura nipige vigelegele! Mume wangu, fundi cherehani, hakujishonea shati lenye mfuko tangu wino umharibie shati la harusi. Nilimsimulia wakili mara moja tu.

Akamgeukia binti yangu: "Dada, kimbia nyumbani, lete mashati yote ya mzee. Hata ya kulalia."