Neno "Hawezi" Katika Jalada la Bosi

Mama Vijiko tulimpa jina hilo kwa sababu ya mkoba wake: vijiko vya mpini mnene, shati la vifungo vikubwa, kufuli, kikombe cha mishikio miwili. Kazi yake ni tiba kwa vitendo. Asiyejua hudhani anachezea vyombo, kumbe anamfundisha mtu kujivika, kupika chai, kuvuka barabara asigongwe. Wilaya nzima yuko peke yake, na karani wake ni mimi.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili huonwa kila wiki. Akishakuwa mtu mzima, huonwa mara moja kwa mwaka, dakika kumi, basi. Majalada ya watu wazima ni mia tatu na arobaini. Piga hesabu mwenyewe kabla hujatulaumu, ingawa lawama tunazistahili.

Bosi ni mmoja wao, mwanamume wa miaka arobaini na moja. Jina alipewa na mama yake kwa vile hapendi kuharakishwa. Kila mwaka walikuja wameshikana mikono, bi mkubwa akiongea, Bosi akitazama sakafu. Mara ya kwanza Mama Vijiko alimsimamisha mbele ya birika letu la umeme, akamwambia apike chai. Bosi akaliangalia birika kama ameonyeshwa nyoka. Nikaandika: Hawezi. Mwaka uliofuata foleni ilikuwa ndefu, tukanakili. Tumenakili miaka kumi na mmoja.

Safari hii mdogo wake Bosi, mtu wa mbali anayemjulia mama hali kwa simu, aliomba kaka yake apelekwe kwenye makao ya walemavu, "ili Mama apumzike." Makao wakataka fomu yake ya kliniki. Tukaitoa jaladani kama ilivyokuwa, gari likapangwa kuja Jumatatu. Kilichobaki ni alama ya kidole gumba cha mama, na kwa kuwa mwaka huu hakufika kliniki, Ijumaa asubuhi tukamfuata nyumbani. Nilikuwa na pedi ya wino mfukoni, najiona mtu wa maana.

Bosi alifungua mlango, akaitazama miguu yetu.

"Viatu," akasema. Tukavua.

Jiko la mafuta lilikuwa linawaka, sufuria juu yake, mpini umeelekezwa ukutani. Mama Vijiko akanifinya. Hilo la mpini ndilo analowahubiria watu tangu aanze kazi. Bosi akashusha utambi, akamimina chai nusu kikombe, akaonja kwa kijiko kama imepoa. Kisha akauchukua mkono wa mama yake na kuupeleka taratibu mpaka kwenye mshikio.

"Mkate kushoto," akamwambia.

Bi mkubwa alikuwa ameelekea dirishani. "Bosi, nani hao?"

"Vijiko."

Nilikuwa hatua mbili kutoka usoni pake. Nikapunga mkono mbele ya macho yake, Mungu anisamehe. Hakupepesa.

"Mama, huoni?" Mama Vijiko akauliza. "Tangu lini?"

"Mwaka wa nane huu, wanangu."

"Na kliniki ulikuwa unafikaje?"

"Si Bosi? Akiniminya mkono mara moja ni ngazi, mara mbili ni barabara."

Mkono ule! Miaka yote hiyo nimeutazama ukiingia mlangoni, nikisema moyoni, maskini mama wa watu, na mzigo wote huo.

"Kwa nini hukutuambia?" Mama Vijiko akauliza.

"Ili mseme kipofu hawezi kulea, mnichukulie mwanangu? Na hamkuniuliza. Mliuliza anaendeleaje, nikasema yuko vilevile." Akanywa funda moja. "Juzi mdogo wake kanipigia, kasema mtaamua nyinyi. Nikamwambia afadhali, wale wanamjua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Vijiko alilia waziwazi, tena kwa kwikwi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata akipangusa pua. Akawapigia makao simu palepale, akafuta gari. Akaichukua fomu, akazikata Hawezi zote kwa kalamu, na penye jina la mtunzaji akalifuta la mama, akaandika la Bosi. Pedi ya wino haikutoka mfukoni.

"Chai imekwisha," Bosi akatuambia, akatuletea viatu.

Jumatatu nilifungua kabati. Nikachomoa jalada la juu. Hawezi. La chini yake. Hawezi. La chini yake tena. Mwandiko wangu ule mzuri ninaosifiwa ofisi nzima. Yalibaki mia tatu na thelathini na tisa, na katika nyumba zote hizo hakuna hata moja niliyowahi kuvua viatu mlangoni pake.