Mbugua na Jumamosi ya Ng'ombe

Mimi ni Cate, mwenye hoteli ya chai na chapati pale Kikopey, nyuma ya bucha za nyama choma, na nikianza kumsema Mbugua naomba mtu asinikatize. Huyo mzee amenipandisha presha kuliko watoto wangu wote wakiwekwa pamoja.

Kazi yake ni kufungua na kufunga maji. Basi! Hana ofisi, hana pikipiki, hana hata kofia ya kazi. Ana spana. Anaiweka ndani ya koti, upande wa moyo, na haitoi hata kanisani. Mchungaji akisema tuinamishe vichwa tuombe, Mbugua anainama, spana inagonga benchi, ngo! Watu wote wa mradi wa maji tunafungua macho na kumkodolea. Hapo maombi yameharibika.

Mradi wenyewe ni chemchemi moja huko mlimani, tangi la simenti lililoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba, na mabomba matatu. La kwanza linateremka mpaka chini kabisa kwa wafugaji, kwenye hori la ng'ombe. La pili linakuja huku barabarani kwa bucha na hoteli. La tatu linashuka bondeni halafu linapanda tena mpaka nyumba za kilimani, na huko ndiko Mbugua anakaa na mke wake Nyakio. Mvua ikinyesha, hakuna anayekumbuka Mbugua ni mtu. Kiangazi kikikaza, chemchemi inatoa maji ya kujikokota, na inabidi bomba moja lifunguliwe na mawili yafungwe. Jumatano, nyumba. Jumamosi, ng'ombe. Jumapili, sisi wa barabarani. Siku zinazobaki tangi linajaa na sisi tunatukana.

Kazi hiyo aliipataje? Kwenye mkutano, kila upande ulikataa mtu wa upande mwingine. Wafugaji hawakutaka mtu wa bucha, bucha hawakutaka mtu wa kilimani, kelele mpaka jioni. Mwishowe akabaki Mbugua, kwa sababu pande zote tatu zilikuwa zimeshagombana naye. Tukasema huyu hana rafiki, apewe.

Na kweli hana. Mimi mwenyewe nilimjaribu. Kiangazi fulani nilimpelekea supu ya kichwa cha mbuzi, bakuli kubwa, na pilipili juu. Akanywa, akalamba bakuli, akajipangusa mdomo vizuri. Akasema, "Asante Cate. Tuonane Jumapili." Nilitamani kumrukia!

Lakini aliyeumia zaidi ni Nyakio. Huyo ni rafiki yangu tangu tukiwa shule, kwa hivyo nayajua ya ndani. Mfereji wake ndio wa mwisho kwenye bomba la kilimani. Majirani wakishachota siku ya Jumatano, kwake yanafika matone. Angekuwa mke wa mtu mwingine angelalamika kwa mtu wa maji. Sasa yeye atalalamikia nani, na mtu wa maji ndiye huyo anakoroma kando yake? Akimwambia aache bomba wazi kidogo tu, Mbugua anasema, "Watu wataongea." Nyakio anafunga mitungi kwenye punda anateremka mtoni. Ukikutana naye njiani umwambie, "Na bwana yako ndiye wa maji," jitayarishe kutukanwa.

Basi binti yao, Kui, akapata mchumba. Na katika vijana wote wa Gilgil na Nakuru, msichana akaenda kumpenda Weldon, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa mzee Kiprugut. Kiprugut ndiye mwenye ng'ombe wengi kule chini kwenye hori. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakapanga siku ya ruracio, siku ya wakwe kuleta mahari. Siku za kazi Weldon yuko darasani. Jumapili ni kanisa. Ikawa Jumamosi.

Nilikuwa jikoni kwa Nyakio siku alipomwambia mume wake. Hakupaza sauti. Alisema, "Baba Kui, sijawahi kukuomba. Hiyo Jumamosi moja, wakwe wakiwa hapa, mfereji wangu utoe maji. Nioshe mchele wangu, nioshe sahani zangu, mtoto wangu asiaibike. Baada ya hapo nitarudi kwa punda."

Mbugua akaangalia kikombe chake cha chai. "Jumamosi ni ya ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe ni za hao hao wakwe!"

"Ndiyo ubaya wenyewe. Nikiwanyima, nimewanyima wakwe. Nikiwapa, wenzangu watasema nini?"

Walikuwa wameshasema. Muturi mwenye bucha, jitu la tumbo na aproni, alikuwa anatangaza barabara nzima kwamba Mbugua atafungulia hori Jumamosi ili anyweshe mahari yake mwenyewe inenepe. Muturi naye alikuwa na lake. Jumamosi ndiyo siku wateja wanatoka Nairobi na Nakuru kula choma, na yeye ananawisha watu mikono kwa kijiko. Na mimi sitajifanya malaika. Nilitaka maji ya chai, tena nilikuwa na kelele kuliko Muturi.

Kamati ikakutana kwa hoteli yangu. Tukabishana mpaka chapati zikaisha. Ndipo mtu mmoja akasimama akasema maneno matamu kweli: kwa nini tugombane na sisi ni majirani? Jumamosi hiyo mabomba yote matatu yafunguliwe nusu nusu, kila mtu apate kidogo. Ai, tulipiga makofi! Muturi alimkumbatia mfugaji.

Mbugua akakuna kichwa. "Hiyo haitafanya kazi. Maji yako chini kwenye tangi."

"Wewe unapenda tukupigie magoti!" nikamwambia. "Ukiambiwa watu wapatane unaona kazi yako inaisha."

Alituangalia mmoja mmoja, na niliona amechoka. Akasema, "Sawa. Nusu nusu."

Jumamosi asubuhi Mbugua akafungua kama tulivyokubaliana. Mfereji wangu ukakohoa, ukatema kutu kidogo, ukaanza kupuliza hewa. Mita ya maji ikawa inazunguka kwa furaha, na sufuria iko kavu. Kwa Muturi, hewa. Kule chini kwenye hori maji yalikuwa yanatiririka wembamba wa uzi, na ng'ombe wa kwanza aliyeweka mdomo aliyamaliza, wengine wakaanza kusukumana. Kilimani hata hewa haikufika. Na simu ya Mbugua, haki ya Mungu, ililia mpaka ikazima.

Nikafunga hoteli, nikavaa kitenge changu kipya, nikapanda kilimani. Ruracio ni ruracio. Wakwe wakafika. Sisi akina mama tukafunga geti kama desturi inavyotaka, tukaimba, tukawauliza wametoka wapi na wametuletea nini, tukazungusha viuno hadi wakatoa kitu. Mbele mbuzi, nyuma lori. Na juu ya lori, Ngai! Tangi jeusi la plastiki, jipya, kubwa kushinda jikoni ya Nyakio. Zawadi ya mama wa bibi harusi. Nyakio alikuwa ameomba tangi tangu Kui akinyonya. Tukapiga vigelegele, na mtu mmoja akalipiga kofi, likalia buuum, tupu kabisa. Vigelegele vikafa.

Nilimkuta Nyakio jikoni amesimama juu ya mchele usiooshwa. Alikuwa na maji ya sufuria moja tu, na wageni wamejaa hema. Akatoka nje hivyo hivyo na mwiko mkononi, akaenda mpaka kwenye meza ya wazee. Mbugua alikuwa amekaa na suti yake, karibu na Kiprugut, mzee mrefu mwenye fimbo, mtu wa maneno machache.

"Baba Kui," akasema mbele ya watu wote, "toa hiyo spana. Nusu nusu imekataa. Nenda ufungulie mahali pamoja. Na leo, tafadhali, ufungulie mimi."

Mbugua akainuka, akapanda mlimani na suti yake na viatu vya kung'aa, na sisi wote nyuma yake: wazee, wakwe, mimi, Muturi na aproni yake pamoja na wafugaji, wote wamekuja kugomba. Hakuna aliyewaamini wenzake hata akubali kubaki nyuma.

Tukafika kwenye tangi, akafungua mfuniko, tukachungulia. Maji yalikuwa chini kabisa. Mbugua akapiga magoti na suti, akafunga bomba la barabarani. Muturi akaguna. Mbugua akaweka spana kwenye bomba la kilimani. Nyakio akashika mkono wangu. Mumewe akalifunga. Akafungua la ng'ombe lote.

"Hata leo?" Nyakio akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi roho iliniuma.

"Mama Kui, maji yakiwa chini hivi hayawezi kupanda kilima. Nikifungua kwako yatalala bondeni ndani ya bomba, na hakuna atakayekunywa, si wewe, si ng'ombe. Kule kwenye hori ni mteremko mtupu, yatafika. Tuyafuate."

"Anyweshe mahari yake!" Muturi akapiga kelele. Lakini alipopiga kelele alikuwa ameshaokota mtungi.

Basi ruracio ikahamia kwenye hori la ng'ombe. Mnacheka? Tulipitia kwa Nyakio tukabeba sufuria, mchele, viazi vya mukimo, viti vya wazee. Vitenge vikafagia vumbi mpaka chini. Na tulipofika, tukakuta lango la hori limefungwa. Mama Weldon, yaani Chepkurui, mke wa Kiprugut, alikuwa ametutangulia kwa njia ya mkato na wanawake wake wote. Wamejipanga, wanaimba kwa lugha yao. Wanatuuliza tumetoka wapi na tumeleta nini!

Nilitaka kumrukia. Sisi ndio wenye binti! Lakini Nyakio akanyanyua mtungi wake juu, akapaza sauti, "Tumewaletea msichana! Mnataka nini tena?"

Chepkurui akacheka mpaka akashika lango asianguke, akafungua. Tukaingia. Bomba lilikuwa linamwaga maji kweli. Tulikinga pale kwenye mdomo wa bomba, ng'ombe wakanywa kwenye hori, Muturi akajaza mitungi yake akijifanya hatumwoni. Tukawasha moto hapo hapo. Wazee wakapanga mahari wakiwa wamesimama katikati ya ng'ombe, na mjomba wa Kui akisema mbuzi hawatoshi, ng'ombe mmoja anampumulia shingoni. Sijawahi kuona mazungumzo ya mahari yakienda haraka hivyo.

Baada ya kula, mzee Kiprugut akagonga fimbo. "Mama wa msichana tumemletea tangi," akasema. "Lakini leo tumemsumbua. Aseme kama kuna kitu kingine roho yake inataka. Tukiweza, tutatoa."

Nyakio akasimama. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Sitaki blanketi kama mama wakwe wengine," akasema. "Watu wa maji wote mko hapa. Kamati iko hapa. Nataka mumpokonye huyu hiyo spana. Nimeishi na mwanamume ambaye mji mzima unamngojea, na mimi nikimngojea nakuwa wa mwisho. Mimi pia nataka siku moja niwe wa kwanza. Ni hilo tu."

Mbugua aliangalia viatu vyake, matope matupu. Akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa spana, akaizungusha akiwanyoshea watu wa kamati mmoja mmoja. Mwenyekiti akakumbuka kufunga kamba ya kiatu. Muturi akasema ana bucha. Mimi nilikuwa naosha sufuria.

Basi akampa mke wake. "Shika wewe, Mama Kui. Mimi nimeshindwa."

Na Nyakio akaishika! Kabla hajaizoea mkononi, Muturi akaja mbio. "Mama Kui, kesho Jumapili, si ni bucha?" Mama mmoja wa kilimani akamvuta kitenge: mtoto wake anahara, afunguliwe hata kidogo. Chepkurui akamshika mkono mwingine, akamwita mkwe, mkwe wangu mpendwa, nusu ya ng'ombe hawajashiba. Mimi nikapita katikati nikawasukuma wote. "Nyakio! Ni mimi Cate! Toka shule!"

Akageuka akaangalia lori lililokuwa limetufuata na kusimama njiani, na tangi lake jeusi juu. Tulijua atasema nini, na kusema kweli hakuna ambaye angemlaumu. Akaangalia bomba, maji yameanza kupungua. Akaangalia mlimani kwenye tangi la simenti.

"Kesho hakuna mtu," akasema.

"Hakuna mtu?" Muturi akapiga ukelele. "Jumapili?"

"Maji yako chini kwenye tangi. Lijae kwanza. Yule mama wa mtoto atajaziwa mitungi miwili hapa hapa sasa, bomba lifungwe. Jumatano, nyumba. Kwangu yafike yakifika."

Halafu akakisikia alichosema mwenyewe. Akafunika mdomo kwa mkono, akamgeukia Mbugua. "Usithubutu kucheka!"

Mbugua hakuwa anacheka. Alikuwa anajipangusa macho na tai yake.

Na mimi, rafiki yake wa tangu shule, hata sikumngoja alifunge bomba. Nilikuwa mtu wa kwanza kumwita mchoyo.