Viza Imekwama, Mimi Niko Uvunguni kwa Bibi

Habari za maisha yangu ng'ambo nilizisikia nikiwa uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu, Singida Mjini, ndoo ya mtama imenibana kisogoni.

"Luqmani anasemaje huko?" Sauti ya Bi Saada hiyo, jirani yetu. Akijua yeye, mtaa wetu wote wa Ipembe umejua.

"Anashukuru Mungu," bibi akajibu bila hata kumeza mate. "Analalamikia pilipili tu. Anasema wale watu wanaila kama sisi tunavyokula mlenda."

Mimi huyo wa ng'ambo, jasho linanitoka, mende ananitambaa shingoni.

Ngoja nikurudishe nyuma, usije ukaniona chizi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye vijisenti Singida anafunga mashine ya kukamua alizeti. Mjomba wangu Shamte naye akaagiza yake kutoka nje. Nchi siitaji, bado nina mpango nayo.

Kiwanda kikasema: leteni kijana mmoja ajifunze kuifunga na kuitengeneza. Mafunzo yanaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, ukichelewa imekula kwako.

Mjomba akanichagua mimi. Nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu kupiga soga stendi.

"Ukizingua," akanionya, "nampeleka Amri."

Amri ni binamu yangu. Roho nzuri kabisa, lakini ukimpa bisibisi atakuuliza inaliwa na nini. Tatizo, yeye viza ya huko alikuwa nayo tayari. Alimpeleka baba yake hospitali hukohuko, na viza ilikuwa haijaisha.

Maombi yangu ya viza nikayapitisha kwa wakala wa Dar. Akasema, "Wiki ijayo tayari."

Bibi Mboni kusikia "wiki ijayo" tu, akaita watu.

Kwetu mtu haondoki kimyakimya. Kuku wakachinjwa, pilau likapikwa, dua ikasomwa, wazee wakanishika kichwa mpaka nywele zikalala. Nasma wa duka la vitenge, ambaye nilikuwa namtolea macho kitambo, akaniletea chupa ya asali ya Itigi, eti nikapozee koo ugenini.

Kesho yake asubuhi wakala akapiga. "Viza bado, mdogo wangu. Usije kwanza."

Nikajikuna kichwa, nikaelekea mlangoni. Bibi akanidaka shati.

"Unakwenda wapi, mume wangu?"

"Dukani tu, bibi."

"Mtu aliyesomewa dua ya safari anaonekana dukani? Unataka watu waseme niliwalisha pilau la uongo? Wewe umeshasafiri. Rudi ndani!"

Basi nikasafiri. Chumbani.

Wageni wakija, naingia uvunguni. Wakiondoka, natoka nalamba asali.

Siku moja nikazidiwa. Nikavaa baibui la bibi, nikajifunika uso, nikaenda kupunga upepo ziwani Kindai. Mbele yangu nani? Amri, na sanduku jipya mkononi.

"Shikamoo mama," akanipisha njia.

"Marahaba mwanangu," nikajibu kwa sauti ya puani. "Safari ya wapi?"

"Bado mama, kuna mtu viza yake inasuasua. Namwombea, lakini sanduku nimenunua."

Nilirudi nyumbani mbio kushika simu.

Kila nikimpigia wakala, jibu lilelile: "Kuna jambo wanahakiki." Jambo gani? Hajui. Mjomba akaja kuniambia kwa upole, na upole wa mjomba ndio unaotisha: "Ijumaa mwisho. Ikipita, anaenda Amri."

Sasa turudi uvunguni. Ni Ijumaa hiyohiyo. Bi Saada yuko kitandani juu yangu, anakunywa chai kama amelipia.

Simu ya mezani, ile ya kufunikwa kitambaa cha kufuma, ikalia. Bibi akapokea kwa madaha.

"Haloo! Nani? Ubalozi?"

Nikatega sikio.

"Nyie tena? Si nilishawaambia? Luqmani ameondoka! Yuko hukohuko kwenu, anakula, analala, pilipili tu ndiyo inamsumbua. Kama hamumwoni, mtafuteni!"

Mungu wangu.

Kumbe! Namba niliyojaza kwenye fomu ni hiyo ya nyumbani. Wao wanapiga kunihakiki, bibi anawaambia nimeshaingia nchini kwao. Wewe ungekuwa ofisa, ungemgongea muhuri mtu wa hivyo?

Nitunze heshima ya pilau, au niwahi Jumatatu?

Nikatoka na ndoo yangu, mtama sakafu nzima.

"Bibi, usikate!"

"Mzimu!" Bi Saada akaruka juu ya meza na umri wake ule.

Nikapora simu. "Haloo dada, ni mimi Luqmani! Sijaenda popote! Niko Singida, uvunguni!"

Akauliza, "Uvunguni kwa nani?"

"Kwa bibi, dada. Waliniaga mapema."

"Na pilipili?"

"Hata sijaionja, dada yangu."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikilize. Kisha akasema, "Mwambie wakala wako aje kabla hatujafunga."

Muhuri uligongwa jioni ileile. Amri, Mungu ampe heri, alinipa sanduku lake kwa mikono yake mwenyewe.

Ila stendi Jumamosi nilisindikizwa na bibi peke yake. Bi Saada alishamaliza kazi ya kutangaza, na mtaa mzima ulikataa kudanganywa mara ya pili.

Jumatatu, kiwandani, nikampigia Nasma kwa furaha. "Nasma, nimefika! Niko ng'ambo kweli!"

"Asali umemaliza?"

"Yote."

"Basi toka uvunguni uniletee chupa yangu."

Mwenzangu, viza yako ikichelewa, kabla hujamtukana ofisa, uliza kwanza simu ya nyumbani anapokea nani. Na pilau la kukuaga lisubiri muhuri ukauke. Mimi nimesharudi, mashine nimeifunga, inakamua vizuri, lakini Bi Saada akileta alizeti zake huinama kwanza kuchungulia chini ya mashine, ndipo anipe gunia.