Kadi Iliyofunga Ndoa na Kishikwambi

Jua la saa mbili limeshafika mezani, na Kuruthumu Dadi anagonga kioo cha simu ya mteja kwa kidole kimoja, mara saba, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Simu inaitika. Inafungua ukurasa ambao mwenye simu hajawahi kuuona tangu ainunue.

"Umeona? Huku ndiko wanakoficha vitu," anamwambia Nikodemu, mchuuzi wa nguo anayesafiri kwa boti kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa. "Napunguza haya madoido ya kufunguka na kufunga, halafu naziondoa programu ulizoletewa na kiwanda bila kuulizwa. Simu yako si nzito, baba. Imebebeshwa tu."

Nikodemu anaipokea, anaifungua, anaifunga, anaifungua tena. Anacheka peke yake. "Eh! Hii siyo ile niliyokuja nayo."

"Ndiyo hiyohiyo. Sasa niachie nikujazie na nyimbo, huko unakokwenda hakuna mtandao wa kuchezea."

Kibanda cha Kuruthumu, mwenye umri wa miaka 51, kiko ndani ya soko la Mwanga, upana wake hauuzidi wa mlango. Ukutani kimetundikwa kishikwambi kizee alichokigeuza saa ya kuadhini. Kingine kimekuwa redio, na cha tatu, kilichopasuka kona, kinamlindia bidhaa kwa kamera yake anapokwenda kuswali. Vyote vilikuja hapa vikiwa vimeshatupwa na wenyewe.

"Watu wananiambia nina ugonjwa," anasema. "Simu ikishindwa kufunguka vizuri wao wanaona imekufa. Mimi naona imechoka."

Ugonjwa huo ni wa kurithi. Baba yake, Mzee Dadi, alikuwa anarekodia watu kaseti pale Ujiji, na Kuruthumu alikulia kati ya mashine mbili na benchi moja refu la mbao. Wimbo ulirekodiwa kwa muda uleule unaoimbwa, hakuna kuharakisha. Ukitaka kaseti ya saa nzima, unakaa saa nzima, unakula karanga na kumjua aliyeketi pembeni yako.

"Mimi mume wangu nilimpatia kwenye lile benchi," anasema, na kicheko kinamshinda. "Alikuja na kaseti tupu siku ya kwanza. Mara ya nne nikamuuliza, wewe hizo kaseti unazila?"

Mashine zilikwisha, benchi likauzwa, zikaja memori kadi. Miaka hiyo Kuruthumu alijaza kadi kwa shilingi elfu mbili, na siku boti zinapoondoka aliweza kurudi nyumbani na elfu arobaini. Leo kila mwenye bando anajitafutia mwenyewe. Siku nzuri anapata elfu kumi, na nyingi ya hizo zinatokana na kuzifufua simu na vishikwambi vya watu. Hanung'uniki. Anachokikumbuka, anasema, ni watu kukaa pamoja wakisubiri.

Lakini hata mwenye mikono mizuri huharibu, na Kuruthumu aliharibu mahali panapouma.

Mwaka 2017 alinunua kishikwambi chake cha kwanza, kilichokwisha kutumika, kutoka kwa mfanyabiashara aliyevuka na mizigo kutoka Burundi. Kilikuwa kidogo, na nafasi yake ya kuhifadhia vitu ilijaa mapema. Alipochomeka memori kadi kubwa, kifaa kikamuuliza: kadi hii iwe ya kubebeka, au iwe sehemu ya kumbukumbu yangu ya ndani? Kuruthumu akachagua hilo la pili. Nafasi ikaongezeka mara nne na akajiona mjanja wa soko zima.

Hakujua kwamba kadi ikikubali ndoa ya namna ile, haifunguki tena kwa mwingine. Ufunguo wake hukaa ndani ya kifaa kilekile, na kifaa kikifa, kadi nayo inakuwa bubu.

Mwaka uliofuata alikibeba kishikwambi hicho hadi uani kwa mama yake, Bi Shadya, Ujiji. Bi Shadya na wenzake saba ndio waliokuwa wakiitwa kumwimbia bi harusi anapoogeshwa. Wimbo wao ulikuwa mrefu, nusu Kiswahili nusu Kiha, na kila hatua ya kuoga ilikuwa na maneno yake. Kuruthumu aliurekodi wote, ukaenda kukaa kwenye kadi. Mwaka 2020 Bi Shadya akafariki.

Miezi michache baadaye, Kuruthumu akishuka kwenye bodaboda pale Gungu, kishikwambi kilimponyoka kikaangukia mawe. Kioo kilipasuka, kikawa kinaonyesha lakini hakisikii kidole. Betri nayo ikavimba mpaka mgongo ukaachia.

Alichomoa kadi akaijaribu kwenye kila simu aliyoweza kuishika. Zote zilimjibu jambo moja: kadi haisomeki, je, tuifomati? Fundi mmoja alikuwa ameshanyoosha kidole kukubali. Kuruthumu aliichomoa kadi mkononi mwake akaondoka bila kuaga.

"Nilikuwa nawanakilia watu wa mji mzima," anasema, na hapa sauti inamshuka. "Nyimbo za kila mtu ninazo nakala tatu. Ya mama yangu nilikuwa nayo moja. Nilijichukia."

Kadi na kishikwambi chake vikakaa pamoja ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati.

Aliyefanya kopo hilo lishushwe ni Bi Hasna. Katika wale wanane, ni yeye peke yake aliyebaki. Mjukuu wake anaolewa Alhamisi, na bibi ameapa kumwogesha kwa wimbo wa wenzake. Tatizo ni kwamba kumbukumbu imeanza kumkimbia.

"Maneno yanakuja mpaka pale maji yanapomwagwa begani," anasema Bi Hasna, ameketi kwenye kigoda kibandani, kanga mbili zimemkaa vizuri. "Halafu yanakatika. Nimewauliza hawa wasichana, hakuna anayejua. Nikifa na nusu, Kuruthumu, wataimba nusu."

Ni Jumanne. Juu ya meza kuna vishikwambi viwili vya aina moja. Cha pili Kuruthumu amekipata kwa mwalimu mmoja wa Katubuka, baada ya kukitafuta miaka minne. Hakiwaki na kioo chake hakifai, lakini betri yake ni nzima, na hiyo ndiyo aliyoitaka.

Anaitoa betri iliyovimba kwa kipande cha plastiki, polepole, asiitoboe. Anaweka ile nyingine, na kadi anairudisha mahali pake. Anabonyeza kitufe na kukishikilia. Bi Hasna anasoma kitu kimoyomoyo, midomo inacheza. Kioo kinabaki cheusi, kinabaki cheusi, kisha taa inawaka nyuma ya nyufa.

"Alhamdulillah," anasema Bi Hasna.

"Bado, bibi. Hakisikii kidole."

Kuruthumu anachomeka kiwaya kifupi na kukiunganisha na kipanya cha kompyuta. Mshale mdogo unatokea juu ya kioo kilichopasuka. Sasa kifaa kinataka ule mchoro wa kufungulia, wa kuunganisha nukta tisa. Anauchora kwa kipanya. Siyo. Anachora tena. Siyo.

Anakiachia kipanya, anafuta mkono kwenye dera. Miaka minne ni mingi, na mchoro ule hakuwahi kuujua kwa kichwa, kidole ndicho kilichoujua. Njia ya mkato ya kukifuta kifaa chote na kuanza upya anaifahamu, kila siku anawafanyia wateja. Lakini akikifuta, ufunguo wa kadi unafutika nacho.

Anafumba macho. Anaweka kidole juu ya ubao wa meza, penye vumbi, na kukiacha kiende kinakokwenda. Anapofumbua, vumbi lina mstari: chini, kulia, juu, kisha unakata katikati. Anaufuata kwa kipanya.

Kishikwambi kinafunguka.

Bi Hasna anasogeza kigoda. "Weka basi tusikie!"

"Hapana, bibi. Kwanza ninakili. Nimeshafunzwa."

Anautuma wimbo kwa Bluetooth kwenda kwenye simu yake, kisha kwenye simu nyingine, kisha anautia kwenye kadi tatu mpya, za kubebeka. Muuza nyanya wa jirani ameshaacha nyanya zake. Nikodemu, aliyerudi kuchukua simu yake, amesimama mlangoni. Muda wote huo watu wanasubiri bila kwenda popote, na Kuruthumu anawatazama mara mbili, anatabasamu bila kusema sababu.

Wimbo unapoanza, sauti ya Bi Shadya iko mbele ya wenzake, nzito kidogo, haina haraka. Bi Hasna anaipokea kutoka mstari wa kwanza. Wanafika penye maji, begani, pale panapokatikia. Bibi anafumba macho na kuvuka. Machozi yanamtoka na anaendelea kuimba hivyohivyo, mpaka mwisho.

Halafu, baada ya vigelegele, rekodi inaendelea kidogo. Vikombe vinagongana. Sauti ya Bi Shadya inasikika kwa mbali: "Kuruthumu! Weka chini hilo dude uje ule. Migebuka inapoa." Na sauti ya Kuruthumu, karibu kabisa na kifaa, inajibu: "Nakuja, mama, subiri nimalize."

Kuruthumu anauma upindo wa mtandio wake.

"Huko mwishoni ungekata, mama," Nikodemu anashauri kwa upole. "Wimbo umeshaisha pale."

"Sikati," anajibu. "Atakayeutaka auchukue na mwisho wake."

Mpango wake sasa ni kuzunguka Ujiji na kishikwambi, nyumba kwa nyumba, kuwarekodi wazee wanaokumbuka nyimbo kabla hazijabaki nusu. Kila wimbo utakaa mahali patatu, na mtoto au mjukuu wa wale wanane akija na kadi yake atajaziwa bure. Anataka pia kununua benchi, refu kama lile la baba yake, aliweke mbele ya kibanda. Mafundi wenzake wanamcheka kwamba siku hizi hakuna mtu wa kusubiri. Yeye anawaambia wamletee mbao tu.

Alhamisi, uani kwa Bi Hasna, bi harusi aliogeshwa kwa wimbo mzima. Bibi aliimba mbele na wasichana wakafuata, huku simu ya Kuruthumu, iliyounganishwa na spika, ikiwashikia maneno. Vigelegele vilipotulia hakuna aliyewahi kuizima. Ua wote ukamsikia marehemu akiita kwamba chakula kinapoa.

Kuruthumu aliiweka chini simu aliyokuwa ameishika, kabla sauti yake mwenyewe haijajibu, akaenda kunawa mikono ale.